Nilijua Tu

Daftari la kikoba chetu ni kaunta buku ya kwaya tatu, jalada gumu, mgongo mwekundu. Mimi ndiye katibu tangu 2019, na kwa miaka mitatu ya mwanzo sikuwahi kurudi nyuma kusoma nilichoandika. Kila Jumamosi tunasoma muhtasari wa kikao kilichopita, tunauthibitisha, tunafungua sanduku, tunanunua hisa, tunaendelea na maisha. Kurasa za nyuma zinabaki kuwa za nyuma.

Tunakutana kwenye chumba kilicho nyuma ya duka langu la pembejeo, hapa Uyole, mahali barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya Dar es Salaam. Machi 2022, wiki mbili kabla ya Ramadhani, mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa viazi. Hisa zake zilikuwa shilingi 600,000, na katiba yetu inamruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, kwa hiyo aliomba 1,800,000. Mpango wake ulieleweka: anakwenda Ilungu, ananunua viazi shambani, anafungasha, anapata nafasi kwenye Fuso la mtu, anashusha Dar. Tukampa.

Viazi vilichimbwa kwenye mvua. Fuso lilipofika Kitonga likakuta lori limelala kwenye kona na foleni imefunga mlima mzima, juu na chini. Walikaa pale siku mbili, mzigo umefunikwa turubai, joto la kule chini likipanda na unyevu ukiwa ndani ya magunia. Alipofika sokoni ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani, magari ya viazi yamejipanga, dalali anachagua kwa kutikisa kichwa. Magunia kadhaa yalikuwa yameanza kulainika na kutoa maji. Alirudi Uyole na fedha isiyofika nusu ya mkopo, na akatumia miezi kumi na minne kulipa deni lile kwa kuuza maandazi asubuhi na kufulia watu nguo mchana.

Nilichotaka kueleza hasa ni kile kilichotokea kwenye kikao alichorudi kutoa taarifa.

Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango alisema, "Mimi nilijua tu. Ramadhani chipsi nani anakaanga mchana?" Mwingine akasema viazi vya mvua havisafirishwi, hilo hata mtoto analijua. Mzee wetu wa nidhamu akasema Kitonga kipindi cha masika si pa kumpeleka mtu mwenye mzigo unaooza. Mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya upole kabisa, walieleza jinsi walivyoliona lile jambo likija. Dada yule aliinamisha kichwa. Mwisho wa kikao tulipitisha kwamba asikope tena zaidi ya hisa zake mwenyewe mpaka tutakapoamua vingine, kwa sababu "hana umakini". Nami niliunga mkono. Niliamini kabisa kwamba ile Jumamosi ya Machi nilikuwa nimekaa mwisho wa meza nikiwa na wasiwasi moyoni, nikanyamaza kwa kuwa kazi ya katibu ni kuandika.

Desemba, tulipokuwa tunavunja kikoba ili kugawana, hesabu za mtu mmoja hazikukaa sawa ikabidi nirudi nyuma hadi kurasa za Machi. Nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe. Wajumbe 23 walihudhuria, wote waliridhia. Mama wa karibu na mlango alikuwa amesema kwamba Ramadhani ndiyo yenyewe, Dar watu watafuturu kwa viazi. Mzee wa nidhamu alikuwa ameshauri aharakishe mzigo, asisubiri mvua ikatike, maana wenzake watamtangulia. Na chini yake, bila ya mtu yeyote kunilazimisha: "Katibu amesema viazi msimu huu ni vya uhakika kwani wateja wake wa mbolea kule Ilungu wamevuna vizuri sana."

Nilisoma mstari ule mara tatu. Kwanza kwa sababu sikukumbuka hata kidogo kuutamka. Pili kwa sababu mavuno mazuri ya Ilungu ndiyo yaliyojaza soko na kushusha bei. Jambo lilelile nililolitoa kama sababu ya kufaulu lilikuja kuwa sababu ya kuanguka, kama Ramadhani ilivyogeuka, kama mvua ilivyogeuka. Habari hazikubadilika. Sisi ndio tuliozisoma upya baada ya kujua mwisho wake, kisha tukaamini kwamba tulikuwa tumezisoma hivyo tangu mwanzo.

Jumamosi iliyofuata niliwasomea. Chumba kilikuwa kimya. Mzee alisema polepole, "Mimi sikumbuki kusema hivyo." Namjua mzee yule tangu nikiwa binti, si mtu wa kudanganya hata kwa shilingi mia. Kweli hakukumbuka, na jambo hilo lilinisumbua kuliko uongo, kwa sababu mwongo angalau anajua anachokificha.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka hamsini sasa. Mimi huliita ujuzi wa baada ya tukio, maana sijaridhika na jina lingine la Kiswahili. Jaribio moja mashuhuri linafanana na daftari letu kiasi cha kunishtua. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon wa Marekani alikuwa anajiandaa kwenda China kuonana na Mao, na baadaye Moscow. (Mwaka huohuo Wachina walikuwa huku kwetu wanatoboa milima kati ya Mlimba na Makambako ili reli ya TAZARA ipite.) Kule Israeli, Ruth Beyth na Baruch Fischhoff waliwauliza wanafunzi kabla ya safari zile: kuna uwezekano gani Nixon akutane na Mao? Marekani itafungua ofisi ya kudumu ya ubalozi Peking? Kila mtu akatoa makadirio yake. Safari zilipokwisha, waliitwa tena wakaombwa wakumbuke namba walizotoa wenyewe. Mambo waliyoamini yametokea, walikumbuka kuyapa nafasi kubwa kuliko waliyoyapa kweli. Yale waliyoamini hayakutokea, walikumbuka kuyapa nafasi ndogo. Matokeo yalichapishwa 1975. Watafiti wale walikuwa na bahati ya kuwa na muhtasari. Kama wangewauliza watu baada ya safari tu, wangekusanya watabiri watupu.

Mwaka huohuo Fischhoff alichapisha jaribio lingine, na hili ndilo linaloeleza Ramadhani yetu. Aliwapa watu maelezo ya vita kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepali vilivyoanza 1814, vita ambavyo wasomaji wengi hawakuwa wanavijua. Kundi moja halikuambiwa mwisho. Lingine liliambiwa Waingereza walishinda, lingine kwamba Wagurkha walishinda, mengine kwamba hakuna aliyeshinda. Kisha wote waliombwa wapime kila mwisho ulikuwa na uwezekano gani. Kila kundi liliona kwamba mwisho lililoambiwa ndio uliokuwa unaelekea kutokea, hata walipoambiwa wajibu kama watu wasioujua. Zaidi ya hapo, yale maelezo yaliyokubaliana na mwisho waliopewa, waliyaona ndiyo yenye uzito. Karatasi ni ileile, sentensi ni zilezile, ila moja inang'aa kwa huyu na nyingine inang'aa kwa yule.

Sisi wa nyanda hizi hatuhitaji kwenda Nepali. Ukisafiri kwa basi kutoka Iringa kuelekea Morogoro unapita Lugalo, na ukiwahi kuchungulia dirishani unaona mnara. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, wenye askari zaidi ya 300, bunduki za kisasa na mizinga, uliviziwa pale na Wahehe wa Mkwawa wenye mikuki zaidi kuliko bunduki. Zelewski aliuawa na sehemu kubwa ya jeshi lake ikaisha. Simulia kisa hicho kwa mtu na uishie hapo, uone atakavyokupa sababu: msafara mrefu uliotawanyika, wageni wasiolijua pori, dharau ya mwenye silaha. Bila shaka wangeshindwa! Sasa endelea. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akawapiga chenga porini karibu miaka minne, na 19 Julai 1898 akajiua asishikwe. Ukimaliza hapo, msikilizaji yuleyule atakwambia mkuki haukuwahi kuwa na nafasi mbele ya bombomu, yaani bunduki ya rashasha, mwisho ulijulikana. Watu waliolala Kalenga usiku wa Septemba 1894 hawakuishi ndani ya sentensi hiyo. Waliishi ndani ya ukuta wa mawe, wakiwa wameshawashinda watu haohao mara moja, na walikuwa na kila sababu ya kutarajia wangewashinda tena. Nikilifikiria hilo ninaona kwamba tunapoisimulia historia kama maji yanayoteremka tu, tunawapokonya waliokuwepo ujasiri wao, kwa sababu ujasiri unahitaji kutojua.

Kiswahili chenyewe kimeliona jambo hili kwa upande mmoja. Tunasema majuto ni mjukuu, tunasema ningelijua huja nyuma. Sikiliza lakini hayo maneno mawili, "ningejua" na "nilijua". Yametofautiana silabi moja, na huwa yanasemwa siku moja, mbele ya msiba mmoja. Aliyepatwa ndiye anayesema ningejua. Aliyesimama pembeni ndiye anayesema nilijua, na mara nyingi anaongeza lile neno dogo, "tu", ambalo linafanya ujuzi wake uonekane haukuwa na kazi yoyote. Hata methali zetu tunazitumia hivyo. Ukiharakisha ukakwama, utaambiwa haraka haraka haina baraka. Ukisubiri ukakwama, utaambiwa ngoja ngoja yaumiza matumbo. Dada wa viazi angengoja mvua ikatike na bei ikashuka kabla hajafika, ningeandika muhtasari wenye methali ya pili, na kila mtu angetikisa kichwa kwa hekima ileile.

 

Ninataka kusema la mama yangu.

Baba alifariki Julai 2017, nyumbani Njombe, kwa kiharusi. Wanaoijua Njombe wanajua Julai yake: asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, na kila mtu anajisikia kichwa kizito. Jumanne baba alilalamika kichwa. Alisema ni baridi. Mama akamchemshia chai ya tangawizi, akalala, Jumatano akaamka akaenda shambani. Alhamisi asubuhi alianguka zizini.

Msibani, chini ya turubai, ndugu mmoja alisema kwa sauti ambayo mama aliisikia, "Dalili zilikuwepo, ila zilipuuzwa." Miaka imepita na bado nikikumbuka kauli ile damu inanichemka. Aliyeisema alimtembelea baba Jumatano ileile, wakazungumza juu ya mbegu za parachichi kwa saa nzima, hakuona dalili yoyote. Lakini mama aliipokea kama hukumu iliyosomwa na hakimu. Kuanzia hapo Jumanne ile ikawa ndiyo siku ya maisha yake. Nikienda kumsalimia, "Kamwene, mama," tunazungumza ya ng'ombe na ya wajukuu, halafu mahali fulani kwenye mazungumzo anarudi palepale. Kichwa kile cha Jumanne. Ningemwambia twende hospitali. Nilikuwa naona.

Watafiti Neal Roese na Kathleen Vohs, katika uchambuzi wao wa mwaka 2012, wanaeleza kwamba ujuzi huu wa baada ya tukio una tabaka tatu. Kuna kukumbuka vibaya tulichokisema, ambayo ndiyo hali ya kikoba chetu. Kuna kuona kwamba lililotokea lilikuwa lazima litokee. Na kuna kuamini kwamba mtu angeweza kulijua mapema. Hili la tatu ndilo lililomkaa mama. Hakusema alijua. Alisema alipaswa kujua, na hilo halina daftari la kulipinga, kwa kuwa hakuna aliyeandika muhtasari wa jikoni siku ile.

Fischhoff aliwahi kujaribu kuwaonya watu juu ya kosa hili kabla hawajajibu, na onyo peke yake halikusaidia. Kilichoonekana kusaidia kidogo, katika kazi aliyoifanya na Paul Slovic mwaka 1977, ni kumwuliza mtu: kama mambo yangekwenda vingine, ungeyaeleza vipi? Kuirudisha mezani ile njia ambayo haikutokea. Niliposoma hilo nilimfikiria mama, si kikoba.

Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwuliza, "Mama, kabla ya Jumanne ile, baba alikuwa ameumwa kichwa lini?"

Akafikiri. "Tulipomaliza kuvuna mahindi."

"Na kabla ya hapo?"

"Siku aliyonyeshewa akitoka kuzika. Na akipasua kuni. Baba yako kila Juni na Julai kichwa kilimsumbua, wewe humjui?"

"Ulikuwa unampa nini?"

"Chai ya tangawizi."

"Akawa anapona?"

"Alikuwa anapona."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nje mtoto wa jirani alikuwa anafukuza kuku. Baadaye kidogo akasema, si kwangu, "Kumbe nilimpa ileile." Akaendelea kuchambua.

Sitasema mama alipona siku hiyo. Bado yapo majira anarudi kwenye Jumanne, ila sasa mara nyingine anaitaja pamoja na zile Jumanne nyingine, zile ambazo baba aliamka. Wala sisemi watu wasijifunze kwa yaliyotokea. Presha ipimwe. Baba hakuwahi kupima ya kwake, na mama tangu mwaka ule anapima kila mwezi, anaandika namba kwenye kalenda ya ukutani. Ninachokikataa ni kumchukua mtu wa Alhamisi, mwenye maiti mbele yake, na kumrudisha Jumanne akiwa na ujuzi wote wa Alhamisi, kisha kumwuliza kwa nini alichemsha chai. Aliyekuwa pale Jumanne alikuwa mtu mwingine, na alikuwa na kikombe, mume mwenye kichwa kizito, na miaka thelathini ya vichwa vilivyopona.

Kikoba tumebadilisha jambo moja. Kabla mkopo haujatoka, kila mjumbe anasema anaonaje, kwa namba, kati ya kumi. Kisha tunazunguka tena, na kila mmoja anataja njia moja ambayo biashara hiyo inaweza kufa. Mwanzoni waligoma, mama wa karibu na mlango akasema tunamtabiria mwenzetu mabaya, tunaita mkosi. Nilimwelewa, na bado si kila mtu anapenda. Lakini tunaandika, na wanasaini. Vikao vinachelewa kwisha kwa nusu saa. Sasa mkopo ukiharibika tunafungua ukurasa kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, na nimeona mara mbili mtu anaanza kusema "nilijua" halafu anatazama daftari mikononi mwangu na kuuliza kwanza, "Hivi mimi nilisema ngapi?"

Mwezi uliopita tulifuta lile azimio juu ya dada wa viazi. Mzee wa nidhamu ndiye aliyetoa hoja, akasimama kuitoa. Jumamosi hii dada akaomba tena 1,800,000, viazi vya Ilungu vilevile, njia ileile. Watu walitaja Kitonga, walitaja bei, walitaja dalali, walitaja gari kuharibika, mmoja akataja viazi vya Kenya. Namba zilianzia nne hadi tisa. Mimi nimeandika saba: viazi vimechimbwa kwa jua, na gari ni la mtu anayemfahamu, lakini msimu ni mzuri kwa kila mtu, na msimu mzuri nimeshauona ulivyo.

Fuso limeondoka Uyole leo saa kumi jioni. Ametuma ujumbe sasa hivi, saa tatu usiku: wamepita mizani ya Makambako.